Askari wa kifaru kwenye kidonda cha punda: ni rafiki au adui?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayefuga Simanjiro, nalifupisha kidogo: "Hawa ndege wa mdomo mwekundu wanaokaa juu ya ng'ombe, baba mkwe anasema tuwaache, wanakula kupe. Mwanangu wa darasa la sita anasema wamefundishwa kwamba huo ni mfano wa viumbe wanaofaidiana. Ila nina punda ana kidonda cha mzigo mgongoni, kila siku wako pale wananyofoa na hakifungi. Kijana anayechunga ameanza kuwapiga manati. Nani yuko sahihi, na mimi nifanyeje?"

Dada, asante sana, na umeuliza vizuri kwa sababu umeangalia kwa macho yako kwanza. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kwa punda wako leo hii yule ndege anaumiza, kwa ng'ombe mwenye kupe wengi anasaidia, na ni ndege yuleyule, saa nyingine ni asubuhi ileile. Kijana aache manati. Punda afichwe. Ya punda nitaeleza kwa kirefu huko chini, kama una haraka ruka uanze na huko halafu urudi.

Sasa tumjue huyo ndege kwanza. Ni askari wa kifaru, na wako wa aina mbili, huyu wako mwenye mdomo mwekundu wote na duara la njano kuzunguka jicho, na mwingine ambaye mdomo wake ni mnene zaidi, wa njano huku kwenye shina na mwekundu nchani. Wote wanapatikana Afrika tu, kusini mwa Sahara, hakuna pengine duniani. Mwili wao wote umekaa kwa kazi ya kuishi juu ya mnyama: kucha kali zilizopinda, mkia mgumu wa kujiegemezea, ndo maana unamwona anatembea hadi tumboni kwa ng'ombe kichwa chini miguu juu na wala haanguki. Hata kiota chao, wanachoweka kwenye tundu la mti, wanakitandika kwa malaika ya mnyama waliyoyanyofoa wenyewe. Na Serengeti kuna zile kamera za mitegoni zinazojipiga zenyewe usiku, mwaka 2018 watafiti walitoa picha za hawa wa mdomo wa njano wamelala juu ya twiga, wengine wamejibana kwapani na mapajani kabisa, yaani mnyama ni meza na ni kitanda. Mimi hizo picha kila nikiziona nazirudia kuziangalia.

Kuhusu chakula, mzee wako, yaani baba mkwe, ana hoja ya zamani na ina ushahidi. Mwaka 1933 mtaalamu wa ndege R. E. Moreau, aliyekuwa anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, alichapisha matokeo ya kupasua matumbo 58 ya hawa ndege wa mdomo mwekundu, na karibu yote yalikuwa na kupe ndani. Baadaye Afrika Kusini wakawafuga kwenye vizimba na kuwahesabia, wakaona ndege mmoja anaweza kula kupe jike wa bluu walioshiba zaidi ya 100 kwa siku, na akipewa wale watoto wadogo kama punje ya vumbi anakula zaidi ya 12,000. Kwa hiyo kwamba anakula kupe, na anakula wengi, hilo halina ubishi.

Ubishi unaanza ukiuliza anatafuta nini ndani ya kupe. Anatafuta damu. Kupe aliyeshiba kwake ni kichupa cha damu kilichojaa tayari, ndo maana akiwa na nafasi ya kuchagua anachukua hao waliovimba kwanza. Sasa angalia hesabu ya mfugaji hapo. Kupe aliyevimba ameshanyonya damu yote aliyokuja kuinyonya, na kama ni yule wa masikioni, wa kahawia, mwenye kubeba ndigana kali, basi vijidudu ameshaviingiza siku kadhaa zilizopita. Ndege akimbandua leo hajamwokoa huyo ng'ombe na ugonjwa wa huyo kupe. Faida yake iko mbele, kwa sababu kupe jike aliyeshiba akidondoka chini anataga mayai kwa maelfu, na akiliwa akiwa bado juu ya ng'ombe hayo maelfu hayapo tena. Unaona, ni faida ya malisho yako ya msimu ujao, sio ya ng'ombe huyu wa leo. Watu wengi wanachanganya hapo, hata wenye vyeti.

Na ndege akikosa kichupa anaenda kwenye chanzo. Akikuta ngozi imefunguka anakunywa damu moja kwa moja, ananyofoa kigaga, anarudi kesho ananyofoa tena. Anakula pia nta ya masikio, mba, makamasi na machozi. Hayo unayoyaona kwa punda wako wala sio ndege mmoja mwenye tabia mbaya, ndivyo walivyo wote.

Mwaka 2000 ndo stori hii ilipogeuka kwa wanasayansi. Mtafiti anaitwa Paul Weeks alikuwa kwenye ranchi moja Zimbabwe, akachukua ng'ombe wa kawaida, kundi moja akalizuia lisiguswe na ndege, lingine akaliacha kama kawaida, akahesabu. Kupe? Hakuona tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Vidonda? Wale walioachiwa ndege vidonda vyao vilichelewa kupona na vilikuwa vingi zaidi. Nta ya masikio ilipungua kwa wenye ndege, lakini nani analia na nta ya masikio. Ile kazi ilishtua watu kwa sababu vitabu vyote vya shule, vya kwetu na vya Ulaya, vilikuwa vinaweka picha ya huyu ndege kwenye ukurasa wa kufaidiana, na hapa mtu anakuja na namba kwamba labda ni mnyonyaji damu tu mwenye mabawa.

Mimi naiheshimu sana hiyo kazi ila nadhani wengi waliisoma vibaya. Ng'ombe wa ranchi wanarudi kila siku kwenye malisho yaleyale, kupe wapya wanapanda kila saa, na jaribio la wiki chache haliwezi kuona yale mayai ambayo hayakutagwa. Halafu mwaka 2011 wengine wakaangalia upande wa pili, wakalinganisha wanyama pori wengi wa Afrika, wakauliza: huyu ndege anachagua mnyama kwa kigezo gani? Kama anatafuta damu ya vidonda ungetegemea apende wenye ngozi laini. Wakakuta anapenda zaidi wanyama wenye kupe wengi, unene wa ngozi haukuonekana kuwa na uzito. Hiyo inarudisha uzito upande wa mzee wako.

Kwa hiyo nani mkweli? Wote wamepima sawasawa, ila wamepima hali tofauti. Na hapa ndo pointi yangu yote, nisomee taratibu: uhusiano wa ndege na ng'ombe unashikiliwa na wa tatu, ambaye ni kupe. Kupe wakiwa wengi, ndege anashiba bila kugusa ngozi na mnyama anapunguziwa mzigo, wote wanafaidi. Kupe wakiisha, aidha kwa josho au kwa kiangazi, ndege bado ana njaa na bado yuko juu ya mgongo, na kilichobaki pale cha kula ni mnyama mwenyewe. Hakuna aliyemsaliti mwenzake. Tabia ya ndege haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni kilichopo mezani.

Hii sio ya ndege hawa peke yao. Huko kwenu Simanjiro kwenye udongo mweusi unaonasa magari masika kuna ile migunga mifupi yenye miiba na vinundu vilivyovimba kama mpira, vina vitundu, upepo ukipita vinalia filimbi. Ndani ya vile vinundu wanaishi chungu, mti unawapa nyumba na unawapa asali kidogo kwenye majani, wao wanaulinda, na twiga akija wanamwingia mdomoni, tembo akija wanamwingia kwenye mkonga na hapo tembo anaondoka. Sasa kule Laikipia Kenya kuna mahali walizungushia uzio wa umeme kuanzia mwaka 1995 ili wanyama wakubwa wasiingie. Ungefikiri miti itanawiri, si adui kaondolewa? Matokeo yakatoka 2008. Mti uliokaa miaka bila kuliwa ukaanza kubana matumizi, vinundu vikapungua, asali ikapungua, wale chungu wakali wakadhoofika, na ikaja aina nyingine ya chungu ambao hawalindi na wanaishi kwenye matundu yanayotobolewa na mende wa kuni, yaani mende kwao ni mgeni wa kukaribishwa. Miti ndani ya uzio ikakua polepole zaidi na ikafa mingi kuliko ya nje inayoliwa na tembo kila siku. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikanyamaza. Adui aliyeondolewa ndiye aliyekuwa anashikilia urafiki wa wale wawili.

Ukiielewa hiyo ya mgunga basi ya punda wako umeielewa.

Kuna faida nyingine ambayo kwa mifugo huioni lakini kwa mnyama pori ni kubwa, nayo ni ulinzi. Kifaru haoni vizuri, mtu akisimama kimya upande upepo unakoelekea, ambapo harufu haimfikii, anaweza asijue. Watafiti wawili, Roan Plotz na Wayne Linklater, walifanya jaribio hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi Afrika Kusini na kulichapisha 2020: mtu anamsogelea kifaru mweusi kwa miguu taratibu. Kifaru asiye na ndege alimgundua mtu mara 23 tu kati ya 100, na kwa wastani mtu akiwa ameshafika mita 27. Kifaru mwenye ndege juu aligundua kila mara, kwa wastani wa mita 61. Ndege anapiga ile kelele yake ya kuzomea, kifaru anasimama, na anageuka kutazama upande wa chini ya upepo, kulekule ambako pua haimsaidii. Na hao hao vifaru weusi mara nyingi wana vidonda vya minyoo ubavuni na ndege wanavichokonoa kila siku. Kifaru anatoa damu na anapata macho. Sijui ni bei nzuri au mbaya kwa kifaru mmoja mmoja, lakini kwa mnyama anayewindwa na binadamu mimi ningeilipa.

Ndo maana pia utaona wanyama hawafanani kwa uvumilivu. Nyati, twiga, pofu, pundamilia, hata swala pala, wanawaachia. Tembo kwa kawaida hataki, nyamera na kongoni nao wanawatikisa watoke. Kila mmoja ana hesabu yake ya kupe, ya ngozi, na ya jinsi anavyoweza kujisafisha mwenyewe.

Na usiwachanganye na yangeyange, wale weupe wanaotembea miguuni mwa ng'ombe. Hao wanafuata panzi wanaoruka ng'ombe akikanyaga majani. Ng'ombe hapati kitu cha maana na hapotezi kitu, waache waendelee na maisha yao.

Kwa hiyo mwanao akiulizwa kwenye mtihani ajibu kufaidiana, atapata maksi zake, na hajaambiwa uongo. Ila mpeleke kwa punda mwonyeshe kidonda, umwambie ndege ni huyohuyo wa kwenye kitabu, na umwache aulize mwenyewe. Mtoto wa darasa la sita ana akili ya kutosha kuelewa kwamba uhusiano wa viumbe unaweza kupanda na kushuka kutokana na hali, na ningefurahi sana vitabu vyetu vingesema hivyo.

Haya, tufanye kazi sasa.

Manati kwanza. Ukiwaua hawa ndege kwa sababu ya punda mmoja unawapa kupe likizo kwa ng'ombe wote, wako na wa jirani. Na hawarudi haraka. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka ulipofagia nyati na ng'ombe, halafu yakaja majosho ya aseniki yaliyokuwa yanawaua ndege kwa sumu iliyo kwenye kupe, yule wa mdomo wa njano alipotea kabisa Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na alionekana tena huko kwenye hifadhi ya Kruger mwaka 1979. Miongo mingapi hiyo hapo katikati, hesabu.

Ambayo inatuleta kwenye dawa ya kuogeshea. Ndege anakula kupe aliyepuliziwa dawa, kwa hiyo dawa yako ni chakula chake. Zile za jamii ya ogano-fosfeti ni hatari kwao. Amitrazi imejaribiwa na inaonekana kuwa salama kwao, ni chaguo zuri kwa ng'ombe kama kupe wa kwenu bado wanakufa nayo, maana kuna maeneo kupe wameshaizoea, mwulize afisa mifugo wako ipi inafanya kazi kata yenu. LAKINI dada sikia hii, amitrazi usimpake wala usimpulizie punda. Kwa farasi na punda inaweza kusimamisha tumbo lisifanye kazi, chakula kinakwama, mnyama anakufa kwa maumivu makali. Watu wanamaliza ng'ombe halafu bomba limebaki na dawa kidogo wanasema ngoja tumalizie kwa punda. Hapana. Kwa punda uliza dawa yake.

Na tafadhali usisimamishe kuogesha ng'ombe eti ndege watamaliza kazi. Hawatamaliza. Ndigana kali inaua ndama ndani ya wiki mbili tatu na nimeshaeleza ndege anachelewa wapi. Ogesha kwa ratiba, dozi iliyoandikwa, usipunguze ili ienee, dawa iliyochujuka inafundisha kupe kuishi nayo. Ndege ni nyongeza.

Sasa punda. Kidonda cha mzigo mgongoni hakikuletwa na ndege, kililetwa na mzigo au tandiko, ndege anakizuia tu kupona. Kwa hiyo ukiwafukuza ndege wote wa wilaya bila kugusa mzigo kitabaki palepale. Mpumzishe kabisa, sio kumpunguzia ndoo mbili, apumzike mpaka ngozi ifunge na nywele zianze kurudi. Najua ndiye anayebeba maji na najua maana yake kwako, tafuta wa jirani au gawaneni zamu, maana ukimrudisha kazini kidonda kikiwa nusu utaanza upya na safari hii kitaingia ndani hadi kwenye mfupa wa uti.

Kisafishe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, na chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita kinatosha, kila siku. Usimwagie oili chafu ya gari, usiweke majivu ya betri wala dawa ya kupe juu ya nyama wazi, haya nayaona sana na yote yanaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Afisa mifugo akupe dawa ya kupaka ya vidonda. Halafu ndo tunafika kwa ndege: hawa wako wa mdomo mwekundu wanakula mchana tu, giza likiingia wanaondoka kwenda kulala. Kwa hiyo punda akae ndani ya banda au chini ya kibanda chenye paa na pembeni pamezibwa wakati wa mchana, mkatie majani mpelekee, na kama unataka achunge mtoe jioni jua likizama au alfajiri kabla hawajafika, mtu akiwa naye, sababu ya fisi. Kama huna banda, kitambaa safi cha pamba kilichofungwa kwa mikanda ya tumboni na kifuani kinasaidia, kiwe chepesi, kifuliwe kila siku, na kisigandie kwenye kidonda, maana kikiganda ukakivuta umefanya kazi ileile ya ndege.

Akipona, tandiko libadilike. Uti wa mgongo usibebe kitu, mzigo ukae kwenye pande mbili za mbavu, katikati pawe na njia ya hewa, na chini pawe na godoro nene la kitambaa au ngozi laini, sio gunia la plastiki ambalo linakusanya jasho na kukwangua. Pitisha mkono chini yake kila ukifunga, ukikuta nywele zimelala au zimekatika sehemu moja, hapo ndo kidonda kijacho kinaanzia.

Ng'ombe wako waangalie kwa namna hiyohiyo, wiki moja baada ya josho, asubuhi, ndege wanapofika. Wakiwa wanachambua masikio, mkiani na kwenye mapaja kwa mtindo ule wa kuchana malaika kama mkasi, wanatafuta kupe, waache. Wakiwa wamekaa sehemu moja wanadonoa palepale dakika baada ya dakika, sogea uangalie, kuna ngozi iliyofunguka hapo, pengine mchubuko wa mwiba au sehemu kupe aliyebanduliwa aliacha mdomo wake ndani. Itibu siku hiyo ikiwa bado ndogo.

Na kwa punda, kama kidonda kinanuka, kinatoa usaha, au ukiona funza, usisubiri, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Mwulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu punda na farasi ndo wanyama wa kufugwa wanaoshikwa nayo kirahisi kuliko wengine, na kidonda cha wazi kinachofunguliwa na ndege kila siku ni mlango kabisa. Ukiona anakaza miguu, mkia umenyooka, au anashindwa kufungua mdomo kula, piga simu usiku huohuo.